Joto humharakisha mjusi, saa yake haliiharakishi

Ukitembea Capri Point jijini Mwanza utakutana naye tu: mjusi dume wa miambani, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Kitaalamu ni Agama mwanzae. Asubuhi, jiwe likiwa bado baridi, hukimbia kwa uzito. Jua likishakolea, humshiki. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha, huazima la jua. Ndiyo maana wanafunzi huniuliza: sasa saa yake ya mwili, ile inayompangia muda wa kulala na kuamka, nayo si inakimbia mchana na kusinzia usiku?

Kwa hesabu ingepaswa. Michakato mingi ya kikemia mwilini huongezeka kasi mara 2 hadi 3 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Mzunguko wa saa 24 ungebaki wa saa 8 hadi 12, na mjusi angekuwa na siku mbili hadi tatu kwa siku moja! Mwaka 1954 mwanabiolojia Colin Pittendrigh alilipima jambo hili kwa inzi wadogo wa matunda, akawashusha kutoka nyuzi 26 hadi 16 wakiwa gizani. Baridi huchelewesha ukuaji wao, hilo linajulikana. Lakini makundi ya inzi wapya, ambao muda wa kuibuka kwao hupangwa na saa ya mwili, yaliendelea kuibuka kwa mwachano wa takriban saa 24.

Inawezekanaje? Ndani ya seli kuna jeni iitwayo period. Protini yake hurundikana usiku, huingia kwenye kiini cha seli, huizima jeni iliyoitengeneza, kisha huvunjwa na mzunguko kuanza upya. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba joto huharakisha hatua zinazovutana, hii ikifupisha mzunguko na ile ikiurefusha, zikafidiana. Mwaka 1971 watafiti Ronald Konopka na Seymour Benzer walipata inzi wenye hitilafu kwenye jeni hiyo, wengine wakiwa na mzunguko wa saa 19, wengine 28. Baadaye ikaonekana kwamba hawa wa 28, ukiwaongezea joto, mzunguko wao huzidi kurefuka. Fidia imeharibika.

Joto lina kazi nyingine, nayo ni kuirekebisha saa. Weka inzi kwenye giza totoro, kisha wapashe na kuwapoza kila siku kwa nyuzi chache tu, nao watafuata ratiba hiyo. Mjusi anayelala ndani ya ufa anapata taarifa ya namna hii kutoka kwenye jiwe lenyewe. Sangara hana bahati hiyo, maji mengi kama ya Ziwa Victoria hupata joto na kupoa polepole mno. Yeye ategemee mwanga.

Kwa mbu ndipo watu huchanganya. Joto hufupisha siku za kutoka yai hadi mbu mzima, na hata siku za vimelea vya malaria kukomaa ndani yake. Mzunguko wake wa saa 24 haufupiki. Jirani akiniambia mbu wa siku hizi wanauma mchana kwa sababu ya joto, namuuliza kwanza ni mbu gani, maana Aedes, yule wa homa ya dengi, ni wa mchana tangu zamani.