Je, wajua kwa nini adapta ya Wi-Fi hukamata mawimbi vizuri zaidi ikisogezwa mbali na kompyuta?

Chukua adapta ya Wi-Fi ya USB, yaani kile kifaa kidogo kinachoiwezesha kompyuta kupata Wi-Fi, iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani. Ichomoe, iunganishe tena kwa kebo ya ekstensheni yenye urefu wa mita moja, kisha iweke juu ya meza. Ruta haijaguswa, adapta ni ileile, na kifurushi cha intaneti ni kilekile. Hata hivyo, mara nyingi vistari vya mawimbi vinaongezeka na kurasa zilizokuwa zikisuasua zinafunguka bila taabu. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayetaka kununua adapta angepaswa kuelezwa, kabla hata hajaitazama ile namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi.

Sababu mojawapo ni chuma. Kasha la kompyuta ya mezani kwa kawaida ni la bati, na bati huzuia mawimbi ya redio. Adapta iliyojificha nyuma yake inakuwa na kasha upande mmoja na ukuta upande wa pili, huku imezungukwa na kebo za skrini, za spika na za umeme. Kama ruta iko upande wa mbele, mawimbi yake hulazimika kupita pembeni au kugonga ukuta na kurudi, na kila yanapogonga kitu yanapoteza nguvu.

Kisha kuna suala la antena. Mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, na antena ya kawaida inayoyapokea vizuri huhitaji takriban robo ya urefu huo, yaani sentimita 3 na kidogo. Zile adapta ndogo kama ukucha, ambazo sehemu kubwa ya mwili wake huzama ndani ya tundu la USB, hazina nafasi hiyo. Watengenezaji huikunja antena au hutumia kipande kidogo cha kauri. Inafanya kazi, lakini si kwa ubora uleule. Kwenye kompyuta mpakato inayotumiwa karibu na ruta sioni ubaya wake, maana haining'inii wala haigongwigongwi. Kwa kompyuta ya mezani iliyo chumba kingine, mimi singeinunua.

Tofauti hizi zinaonekana ndogo mpaka uzione kwa namba. Nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi hupimwa kwa kipimo kiitwacho dBm, na namba zake ni hasi. Ukisoma −50, uko vizuri sana. Kwenye −67 hivi simu za video bado zinakwenda bila kukatika. Ukifika −80, mawasiliano yanakuwa ya kubahatisha. Lakini kipimo hiki hakipandi wala kushuka kwa hatua sawa: ukishuka kutoka −60 hadi −70, nguvu inayokufikia ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya mwanzo. Hata kushuka kwa 3 peke yake kunamaanisha kupoteza nusu.

Mawimbi yakipungua nguvu, adapta na ruta hukubaliana kupakia data kidogo zaidi ili isiharibike njiani. Katika Wi-Fi 5, yaani kizazi cha tano cha Wi-Fi, mawimbi yakiwa safi, kila alama inayorushwa hewani hubeba biti 8. Yakififia zinakuwa biti 6, kisha 4, kisha 2, na mwisho biti 1 tu. Ndiyo maana kuisogeza adapta kwa nusu mita kunaweza kubadilisha kasi kiasi cha kudhani umebadilishiwa kifurushi.

Sababu nyingine wachache sana wanaijua, nayo inatoka kwenye tundu lenyewe la USB. Matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi hutambulika kwa plastiki yake ya bluu, husafirisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde. Umeme unaowaka na kuzimika kwa kasi hiyo huvujisha kelele ya redio kwenye masafa mapana, na kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kelele hiyo huangukia karibu na GHz 2.5, palepale jirani na bendi (kundi la masafa) ya Wi-Fi ya GHz 2.4. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka wa kiufundi ikieleza tatizo hili waziwazi. Kelele hutoka kwenye kifaa cha USB 3.0, kwenye kiunganishi chake na kwenye kebo yake, na humfikia yeyote aliye karibu anayesikiliza bendi hiyo, ikiwemo kipokezi cha kipanya kisichotumia waya.

Unaweza kulishuhudia nyumbani. Chomeka diski ya nje ya USB 3.0 kwenye tundu lililo kando ya adapta, halafu anza kunakili faili kubwa. Kama Wi-Fi yako iko kwenye GHz 2.4, unaweza kuona kasi inadondoka au muunganisho unakatika, na kunakili kukimalizika mambo yanarudi kama kawaida. Mtu asiyejua chanzo ataanza kuilaumu ruta au mtoa huduma wake. Dawa ni umbali: kebo ya ekstensheni iliyokingwa vizuri, au kuipeleka diski upande mwingine wa kompyuta. Bendi ya GHz 5 haisumbuliwi na kelele hii kwa kiwango hicho, kwa hiyo kuhamia huko nako ni suluhisho.

Sasa mtu atauliza: basi si tununue adapta ya USB 2.0 tuwe salama? Inategemea unataka nini. USB 2.0 ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, lakini kiuhalisia hupitisha kama 300 hivi, kwa sababu sehemu ya muda hutumika kupangilia mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa. Kama kifurushi chako cha intaneti ni cha megabiti 20, 50 au hata 100, adapta ya USB 2.0 haitakubana hata kidogo. Inaanza kukubana pale intaneti inapovuka megabiti 300 hivi, au unapohamisha faili nzito kati ya kompyuta mbili za nyumbani. Na adapta ya USB 3.0 ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 hufanya kazi, ila kwa kasi ya USB 2.0. Kwa hiyo ukiwa na adapta ya USB 3.0 una nafasi ya kuchagua, na mimi ndiyo ningeichukua kama bei si kikwazo.

Tukirudi kwenye namba ya boksi, hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. AC1200 inasikika kama megabiti 1200 kwa sekunde. Ukweli ni kwamba ni 300 za bendi ya GHz 2.4 zikijumlishwa na 867 za bendi ya GHz 5, kisha jibu likapandishwa kidogo ili lipendeze. AC600 ni 150 na 433. AX1800 ni 574 na 1201. Adapta hizi huunganishwa na bendi moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo huipati kamwe, hata ukikaa sentimita 50 kutoka kwenye ruta. Hata ile 867 ni kasi ya mawimbi hewani. Wi-Fi hairushi na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Kila kifaa husubiri zamu, na kila pakiti, yaani kila kifungu cha data, huhitaji jibu la kuthibitisha imefika. Kasi unayobaki nayo kwenye faili halisi huwa nusu yake, au zaidi ya nusu kidogo.

Namba hizo zina manufaa pale tu unapojua kuzisoma. Ukiona 433, adapta ina mkondo mmoja wa data kwenye GHz 5. Ukiona 867, ina mikondo miwili, yaani antena mbili zinazofanya kazi pamoja. Mikondo miwili huongeza kasi, na pia husaidia muunganisho kustahimili pale antena moja inapokuwa mahali pabaya. Ukiona adapta imeandikwa 150 au 300 pekee, karibu kila mara ni ya GHz 2.4 tu. Hiyo iache isipokuwa ruta yako nayo haina bendi nyingine. Bendi ya GHz 2.4 hupita ukutani vizuri zaidi, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na hizo unagawana na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Panapokuwa na msongamano wa nyumba, adapta ya bendi mbili ni ya lazima.

Kuhusu kizazi cha Wi-Fi sitakaa sana. Adapta mpya huelewana na ruta ya zamani, lakini kasi huamuliwa na aliye nyuma. Kama ruta ni ya Wi-Fi 5, adapta ya Wi-Fi 6 itafanya kazi kama ya Wi-Fi 5. Ukitamani bendi ya GHz 6, unahitaji ruta na adapta za Wi-Fi 6E au 7, na kwa upande wa Windows unahitaji Windows 11.

Jambo linalostahili muda wako ni chipu iliyomo ndani. Jina lililo nje ya adapta ni la kampuni iliyoiunda na kuifungasha. Chipu mara nyingi hutoka Realtek au MediaTek, na ndiyo inayoamua draiva ipi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia adapta, itahitajika. Tena kampuni inaweza kubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa. Mfano unaofahamika sana ni TL-WN722N ya TP-Link: toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, iliyopendwa mno na watumiaji wa Linux, kisha matoleo yaliyofuata yakaja na chipu ya Realtek yenye tabia tofauti kabisa. Mtu aliyesoma sifa za toleo la kwanza akanunua la pili alipata kifaa kingine chenye umbo na jina lilelile. Kwa hiyo tafuta alama ndogo ya V1, V2 au V3 kwenye lebo, na uilinganishe na maelezo unayoyasoma.

Kwa Windows, adapta nyingi hupata draiva zenyewe au huja nazo. Baadhi hufanya jambo linalowachanganya watu: ukiichomeka, kompyuta inaonyesha kama umeingiza CD. Hiyo ni kumbukumbu ndogo iliyobeba draiva ndani ya adapta yenyewe. Ukishaisakinisha, ile CD inatoweka na adapta ya Wi-Fi inajitokeza. Kwenye Linux mambo ni magumu kidogo. Chipu ya MediaTek MT7612U ina draiva ndani ya kernel (kiini cha Linux) tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, na MT7921AU ya Wi-Fi 6 tangu 5.18 ya mwaka 2022; hizi huchomekwa zikafanya kazi papo hapo. Chipu nyingi za Realtek kwa miaka mingi zilihitaji draiva ya kujengea mwenyewe, ambayo huweza kugoma kila kernel inaposasishwa. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, itakuonyesha kifaa ulichonacho kwa msimbo wake: 0bda ni Realtek, 0e8d ni MediaTek.

Na kama adapta inataka draiva ya kupakua kutoka intaneti, wakati intaneti ndiyo uliyoinunulia adapta? Tumia simu ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao kupitia simu. Simu nyingi hupitisha hata Wi-Fi ya nyumbani kwa njia hiyo. Simu hiyohiyo inakufaa hata kabla ya kununua. Iweke mahali unapokusudia kuweka adapta, usome dBm kwenye programu ya kupima Wi-Fi. Kama hata simu inasoma −80 pale, adapta ndogo haitakuokoa. Hapo fikiria yenye antena za nje, au kuivuta kebo ya mtandao.

Ukinunua yenye antena za nje, zisimamishe wima kama ruta iko kwenye sakafu hiyohiyo. Antena ya fimbo hutawanya mawimbi kuelekea pembeni na karibu haitoi chochote kupitia ncha yake, kwa hiyo kuielekeza ncha kwa ruta, kama wengi wanavyofanya, ni kuipa ruta upande ulio dhaifu kuliko yote. Namba ya dBi inaeleza jinsi mawimbi yalivyobanwa kuelekea upande huo wa pembeni. Ikizidi sana, ruta iliyo ghorofa ya juu au ya chini inaweza kukosa mawimbi.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kuirudisha adapta dukani kwa madai kwamba inakatika yenyewe. Kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa, ingia kwenye sifa za adapta sehemu ya usimamizi wa nishati, na uondoe ruhusa ya kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kama ilikuwa inakatika kila unapoiacha kompyuta dakika chache bila kuigusa, huenda tatizo lilikuwa hapo tu.