Makato ya Kila Mwezi na Kura ya Kila Miaka Mitano

Katika hati ya mshahara ya mwalimu wa shule ya umma, pembeni mwa kodi na mchango wa ushirika wa akiba, kuna mstari mfupi ambao wengi huupitisha jicho tu: ada ya chama. Katika kazi yangu ya kutoa elimu kwa wafanyakazi hapa Kisumu, huwa ninawaomba walimu waje na hati hizo, kisha nawauliza maswali mawili. Ni nani aliyekuwakilisha katika mkutano mkuu wa wajumbe uliopita? Na huko alikokwenda, aliunga mkono lipi na kupinga lipi? Swali la kwanza hujibiwa na wachache. La pili huleta kimya, na baadaye kicheko cha watu waliogundua kwamba wamekuwa wakilipia safari ya mtu wasiyemjua.

Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kushiriki shughuli zake na kugoma, na inakipa chama chenyewe uhuru wa kupanga utawala wake. Uhuru huo wa pili ndio wenye uzito katika mjadala huu, kwa sababu maana yake ni kwamba serikali haimwandalii mwalimu demokrasia ndani ya chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema tu kwamba viongozi watachaguliwa kwa kufuata katiba ya chama iliyosajiliwa, na kwamba Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi aarifiwe matokeo ndani ya siku 14. Mambo mengine yote, yaani nani anahesabiwa kuwa mwanachama kamili, tawi linapeleka wajumbe wangapi, akidi ya mkutano ni watu wangapi, na nani ana mamlaka ya kuitisha mgomo au kuusitisha, yamo katika katiba ya chama. Mwalimu asiyewahi kuishika katiba hiyo mkononi anaweza kuzungumza kwa uchungu mwingi katika mkutano wa tawi na bado akanyamazishwa kwa sentensi moja na katibu anayejua vifungu.

Vyama vyetu viwili vikubwa, KNUT kilichoanzishwa mwaka wa 1957, ambacho wengi wake ni walimu wa shule za msingi, na KUPPET kilichozaliwa 1998, cha walimu wa sekondari na vyuo, vinatumia uwakilishi wa ngazi. Mwanachama huchagua viongozi wa tawi lake, kwa desturi mara moja katika miaka mitano, halafu wajumbe wa matawi huenda kuchagua viongozi wa kitaifa na kupitisha maamuzi makubwa. Mfumo huu una sababu zake. Huwezi kuwaita walimu wa nchi nzima uwanja mmoja, na mjumbe aliyesoma hoja kwa utulivu anaweza kuamua vizuri kuliko umati uliochemshwa na hotuba. Tatizo linaanza pale ambapo mjumbe na kiongozi wa tawi ni mtu yule yule. Anayepaswa kuuliza maswali juu ya utendaji wa ofisi ndiye mwenye ofisi, na ofisi yake inategemea kwa kiasi fulani hisani ya makao makuu anayotakiwa kuyahoji. Sisemi kwamba kila mjumbe hununuliwa. Wengi ninaowafahamu ni watu waadilifu. Ninasema kwamba muundo wenyewe unamweka mtu mwadilifu katika nafasi ngumu.

Dawa ya jambo hili haihitaji marekebisho ya sheria wala kesi. Tawi linaweza kukutana wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, likajadili ajenda hoja kwa hoja, na msimamo wa wanachama ukaandikwa katika kumbukumbu zinazotiwa sahihi. Mjumbe akiondoka anakwenda na karatasi, si na busara zake peke yake. Akirudi, anaitisha mkutano na kueleza alivyopiga kura, na pale alipoacha msimamo wa tawi aeleze sababu. Huenda sababu ikawa nzuri sana, kwa kuwa mambo hubadilika ukumbini, lakini lazima isikike. Bila kumbukumbu hizo, hata mwanachama mwenye hasira ya haki hana cha kushika.

Jiografia nayo hupiga kura. KUPPET imepanga matawi yake kwa kaunti, ilhali KNUT mara nyingi huwa na matawi zaidi ya moja ndani ya kaunti moja. Mfikirie mwalimu wa kisiwa cha Mageta kule Siaya. Uchaguzi ukifanyiwa katika mji mmoja wa bara, siku moja, ni lazima apande mashua hadi Usenge, kisha atafute matatu, na ziwa likichafuka jioni alale alikokwenda. Mwenzake anayefundisha mita mia tatu kutoka ukumbini anapiga kura na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Kwenye karatasi wana haki sawa. Kwa hakika, mgombea mwenye akili ya hesabu atatafuta kura za walio karibu na barabara ya lami, na ndiyo maana malalamiko ya walimu wa visiwani na ya wale wa milimani Nyakach huwa ya mwisho kufika mezani. Vituo vya kupigia kura katika kila kaunti ndogo vingegharimu fedha, lakini fedha hizo zilikwisha kukatwa katika mishahara ya hao hao walimu wa mbali.

Kuna wengine ambao si umbali unaowaweka nje, ni mipaka ya vyama yenyewe. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini katika mtaala mpya, walipoanza Januari 2023, walimu wao, wengi wakiwa wamesomea kufundisha sekondari, walijikuta katika maboma ya shule za msingi. Je, msemaji wao ni chama cha walimu wa msingi kwa sababu ya boma wanamofundishia, au kile cha sekondari kwa sababu ya masomo waliyosomea? Vyama vyote viwili viliwatazama kwa hamu, na nadhani si haki kulaumu hamu hiyo, kwa kuwa sheria inaipa idadi uzito mkubwa: mwajiri analazimika kukitambua chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwakilishwa nacho. Hata hivyo, kuhesabiwa na kusikilizwa ni mambo mawili. Walimu hao, ambao wengi ni vijana, waliingizwa katika matawi ambayo viti vyake vilikuwa vimegawanywa katika chaguzi za 2021, kabla wao hawajaajiriwa. Chama kilichotaka kuwapa sauti kingeweza kuwatengea nafasi ya mjumbe bila kusubiri miaka mitano kuisha.

Jambo linalofanana na hilo ni ada ya uwakala, ambayo sheria inaruhusu ikatwe kwa asiye mwanachama ikiwa anafaidika na mkataba wa pamoja uliojadiliwa na chama. Anayelipa ada hiyo hapigi kura. Wapo walimu wanaoamini kwamba, kwa kuwa wanakatwa, basi ni wanachama, nao hushangaa jina lao likikosekana kwenye daftari siku ya uchaguzi. Uanachama unathibitishwa na fomu uliyoijaza na kutia sahihi, ile inayojulikana kama Fomu S, na ni vizuri kuwa na nakala yake nyumbani.

Kuhusu kujiondoa, sheria ni nyepesi: mwanachama humwandikia mwajiri kwamba amejiuzulu, na makato hukoma kuanzia mwezi unaofuata. Kati ya 2019 na 2021 tuliona jinsi mlango huo unavyoweza kumeza chama. Baada ya mvutano wa KNUT na Tume ya Kuajiri Walimu kufika mahakamani na wanachama wake kukosa manufaa ya kupandishwa vyeo waliyopewa wasio wanachama, idadi ya wanachama waliokuwa wakikatwa ada ilishuka kutoka takriban 187,000 hadi chini ya 20,000. Wengine wanaona hiyo ilikuwa demokrasia ya miguu, kwamba mwanachama amesema kwa kuondoka. Mimi naiona kuwa sauti butu. Anayeondoka haelezi alichotaka kirekebishwe, na anayebaki hupoteza mwenzake wa kuunga mkono hoja katika tawi. Zaidi ya hayo, katika mvutano ule si kila aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya uongozi. Wengi walikuwa wakilinda mkate wao.

Iwapo uchaguzi wa tawi umeharibika, lalamiko lianze ndani ya chama kwa utaratibu wa katiba yake, kwa maandishi, na mlalamishi abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Likikwama, liende kwa Msajili, ambaye ana uwezo wa kutoa maelekezo ili uchaguzi ufuate katiba iliyosajiliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Msajili anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Kisumu na Nakuru, hivyo mwalimu wa Muhoroni au wa Molo halazimiki kusafiri hadi Nairobi. Muda wa rufaa hiyo ni siku 30, na hapo ndipo walimu wengi hushindwa: huzitumia siku hizo kupatanishwa na wazee wa tawi, na wanapomwona wakili, siku ya thelathini na moja imekwisha kupambazuka.