Pomboo wa Bwawani Haachiwi Menai

Bustani ya maonyesho ya Marineland, mjini Antibes, Ufaransa, ilifungwa Januari 5, 2025. Tangu picha za orka (pomboo wakubwa weusi na weupe) wawili waliobaki mle, Wikie na mwanawe Keijo, zianze kusambaa kwenye simu za watu, zikiwaonyesha wakizunguka katika bwawa lililoota ukoga, tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kwa huruma: bahari yetu ni pana, ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, pomboo wamo tele, kwa nini hawa na wenzao wasiletwe huku wakaachiwa? Na wapo wanaouliza kwa hesabu ya biashara: pomboo aliyekwisha kuzoea watu si atawafaa watembeza wageni wa kijiji cha Kizimkazi?

Nawashukuru wa kwanza kwa huruma yao. Jibu kwa wote wawili ni hapana.

Wikie na Keijo wamezaliwa bwawani. Hawajawahi kufukuza samaki aliye hai. Chakula chao ni samaki wa barafu, kwa saa maalumu, kutoka mkononi mwa mtu. Pomboo hazaliwi anajua kuwinda. Mtoto wa pomboo wa Kizimkazi hufuatana na mama yake miaka mitatu na zaidi, akijifunza wapi samaki wanapita maji yakijaa, wapi pa kupumzika, chombo kipi cha kukikimbia. Asiyefundishwa hayo, ukimwachia bahari nzima umemwachia njaa.

Mfano wa Keiko unatosha. Orka huyu alikamatwa Iceland mwaka 1979 akiwa mdogo, akaishia kwenye bwawa la maonyesho Meksiko. Mwaka 1996 alihamishiwa Oregon, Marekani, kutibiwa, na mwaka 1998 akapelekwa Iceland kwenye ghuba ya Klettsvik, akafundishwa upya bahari kwa miaka, kwa gharama kubwa sana. Mwaka 2002 aliondoka mwenyewe akavuka mpaka Norway. Alipofika huko alifanya nini? Alitafuta watu. Aliingia kwenye ghuba ya wakaazi, watoto wakawa wanampanda mgongoni. Desemba 2003 alikufa kwa nimonia, bila ya kujiunga na kundi la wenziwe. Na huyu alizaliwa baharini. Si wa kuzaliwa bwawani.

Waliofanikiwa wapo, na inafaa kutazama kwa nini. Tom na Misha, pomboo wawili waliokuwa kwenye bwawa chafu nchini Uturuki, waliachiwa Mei 2012. Walikuwa wamekamatwa baharini, si wa kuzalishwa. Walikaa kwenye zizi la nyavu muda wa miezi 20 wakirudishiwa mazoea ya kuvua samaki hai. Na walirejeshwa katika bahari ya upande ule ule, hawakupelekwa ya mbali.

Kwa wasioweza kuachiwa, kinachotafutwa ni ghuba tulivu iliyofungwa kwa wavu, yenye daktari na walezi kwa maisha yao yote, na maji yanayolingana na maumbile yao. Mwaka 2019 nyangumi weupe wawili, Little White na Little Grey, walisafirishwa kwa ndege kutoka Shanghai hadi Iceland, wawekwe Klettsvik ile ile. Hata wao hawakutiwa baharini siku waliyofika, na baada ya kuonjeshwa ghuba walirudishwa ndani kwa ajili ya afya zao. Ni kazi ya subira.

Sasa itazameni Menai. Wazazi wa Wikie asili yao ni maji ya baridi ya Iceland. Yetu ni ya joto mwaka mzima. Bamvua hapa maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na wavu wa zizi utakaostahimili mkondo huo si wa kufunga kwa kamba na maboya. Kisha kuna maradhi. Mnyama wa bwawani anaweza kuja na virusi ambavyo pomboo wetu hawajawahi kukutana navyo, na watafiti waliowahesabu pomboo wa Kizimkazi walikuta kila aina haifiki 200. Kundi dogo namna hiyo halichezewi.

Upande wa taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Pomboo na nyangumi wote wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pomboo wa nundu anayeonekana Menai yumo Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hakiruhusu kabisa biashara ya mnyama aliyetolewa porini. Orka na pomboo wa kawaida wa mabwawani wamo cha Pili: hawatoki nchini mwao bila ya kibali cha kusafirisha nje, na kibali hakitolewi mpaka mamlaka ya kisayansi ithibitishe kuwa kumtoa hakudhuru jamii yake. Kibali hicho hakizidi miezi sita. Kikipita hata siku moja, huanzwa upya. Mnyama akikamatwa bila ya hati hutaifishwa, mhusika huadhibiwa kwa sheria za nchi, na mnyama hurudishwa nchi iliyomtoa, kwa gharama za nchi hiyo iliyomtoa, au hupelekwa kituo cha uokozi. Barua ya mwekezaji si kibali. Risiti si kibali. Hili tumelisema mara nyingi na bado tunaletewa barua.

Na tafadhali, anayedhani pomboo wa bwawani anatabasamu kwa furaha: pomboo hacheki. Umbo la mdomo wake ndilo lilivyo, hata akiwa anakufa.

Huruma hii ninaiomba kwa walio kwetu. Pomboo wa Kizimkazi wanakufa kwenye jarife (wavu mkubwa) linalotegwa usiku, na mchana boti kumi zinawazingira mama na mtoto, wageni wakirukia mbele ya pua zao. Nahodha azime mashine akiwa mbali, na wakigeuka asiwafuate. Pomboo akinasa akiwa hai, wavu ukatwe, msimvute mkia. Akikwama ufukweni msimsukume kwa nguvu kurudi majini: mfunikeni kitambaa kibichi, mumtilie kivuli, mumlaze kwa tumbo, na maji yasiingie tundu la pumzi lililo juu ya kichwa. Mtu mmoja akimbie kwa sheha au kwa kamati ya wavuvi ya shehia ili taarifa ifike kwa ofisa wa uvuvi. Mwishoni mwa Aprili 2006 mamia ya pomboo walikufa ufukweni Nungwi, na wengi wetu tulikuwa hatujui hata pa kuanzia.

Anayetakiwa na mtu yeyote amkamatie pomboo hai, awe mkubwa au mtoto, kwa bwawa la hoteli au la kusafirisha, apeleke taarifa kwa sheha siku hiyo hiyo. Jina lake halitatangazwa.