Skwati, kichurachura na cheti cha kusamehewa mazoezi

Tangu mazoezi ya Jumamosi yashike kasi maofisini na mitaani, kitengo chetu cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kinapokea watu wengi wanaoomba cheti cha kusamehewa skwati, yaani zoezi la kuchuchumaa na kuinuka, kwa madai kwamba "zinasaga magoti".

Goti lenye afya limeumbwa kukunjika hadi mwisho. Anayetumia choo cha kuchuchumaa anapiga skwati kamili kila asubuhi, na bado hajatokea wa kuomba asamehewe choo. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1961, Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alipodai kwamba kuchuchumaa kabisa hulegeza kano za goti. Tafiti za baadaye hazikumuunga mkono.

Simama, miguu iachane upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Shuka kwa sekunde 3, makalio yakirudi nyuma kama mtu anayetafuta kigoda gizani. Visigino visinyanyuke. Magoti kupita vidole kidogo si kosa. Ukiyazuia kwa nguvu, mzigo unahamia nyongani na kiunoni. Kosa lenyewe ni magoti kuingia ndani wakati wa kuinuka, na mara nyingi huanza kwenye skwati ya nane au ya tisa, misuli ya nyonga ikishachoka. Hapo seti imekwisha, hata kama kiongozi bado anahesabu. Anayeanza atumie kiti: aketi na kuinuka bila kushika, mara 8 hadi 10, seti 2, siku 2 kwa wiki. Akizoea, aondoe kiti.

Kichurachura ni habari nyingine. Unaruka kutoka chini kabisa na kutua palepale, juu ya saruji, ukiwa umechoka. Kilegesambwa, kifupa cha mbele ya goti, kinagandamizwa kwa kishindo kila unapotua. Mwenye goti lililovimba, aliyewahi kuchanika kano au mwenye uzito mkubwa asiruke. Na wanaotoa kichura 200 kama adhabu wajue kwamba kwa asiyezoea misuli inaweza kuharibika, sumu yake ikaziba figo. Mkojo ukibadilika rangi ukawa kama soda nyeusi, ni hospitali usiku huohuo. Kuchua hakusaidii.

Goti kulia "ka" bila maumivu si ugonjwa. Mapaja kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Goti likivimba, likikwama, likikukatikia ukitembea au ukishindwa kulikanyagia, acha mazoezi uje.

Kuhusu cheti: hutolewa na daktari baada ya kukupima, hakitolewi dirishani wala kwa simu. Leta barua ya rufaa, kadi ya bima na picha za eksirei ulizonazo. Usikimbilie kulipia MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla hujaonwa. Cheti kitataja zoezi linalozuiwa na tarehe ya mwisho, na hakimzuii mtu kufanya mazoezi yote. Kuibadili tarehe hiyo kwa kalamu ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hata kama umeongeza wiki moja tu. Kikiisha muda, unapimwa upya. Hatugongi muhuri juu ya cheti cha zamani. Siku ya kupimwa vaa kaptula au nguo pana. Jinzi ya kubana haipandi juu ya goti, na kila wiki kuna anayerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo.