Zipu, Buti ya Basi na Pasipoti: Kulinda Mali Unaposafiri Nje na Begi la Mgongoni

Ninashona na kukarabati mabegi ya safari hapa Mwanza. Vijana wengi siku hizi huenda Kampala, Kigali au Nairobi wakiwa na begi moja tu mgongoni, na baadhi ya mabegi hayo hurudi kwenye cherehani yangu yakiwa yamechanwa kwa wembe au yamefunguliwa na mkono usiohusika. Wenyewe wakinieleza ilivyokuwa, mara nyingi begi halikuguswa likiwa mgongoni. Liliguswa lilipokuwa kwenye buti ya basi, chini ya kitanda cha hosteli, au kwa mtu aliyeombwa aliangalie kidogo. Kwa hiyo mteja anaponiuliza anunue kufuli gani, mimi humuuliza kwanza ni wapi katika safari yake atakapoachana na begi lake, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kitu gani kikae wapi.

Tuanze na zipu, kwa kuwa huko ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Mabegi mengi ya bei ya kawaida yana zipu ya nailoni, ambayo meno yake ni uzi mmoja mgumu ulioviringishwa. Ncha ya kalamu ya wino ikikandamizwa katikati ya meno hayo, zipu huachia na mkono huingia, hata kama vichwa vyote viwili vya zipu vimefungwa pamoja kwa kufuli zuri. Mwizi akimaliza, huvikamata vichwa hivyo pamoja na kufuli lake, akavipitisha juu ya sehemu iliyoachia, na meno yakashikana tena. Mwenye begi hulikuta limefungwa vilevile alivyoliacha, akagundua hasara siku mbili baadaye akiwa nchi nyingine, ambako hakuna wa kumuuliza.

Dawa yake ni ndogo. Mimi hushona kitanzi cha mkanda mgumu kwenye ubavu wa begi, pale zipu inapoishia, ili kufuli lipite kwenye vichwa vyote viwili na kwenye kitanzi hicho. Kalamu bado itapenya, lakini vichwa haviwezi tena kutembezwa, hivyo zipu hubaki wazi na wewe unajua papo hapo kwamba begi limeingiliwa. Zipu yenye meno manene ya plastiki hupenywa kwa shida zaidi, na kama begi linakarabatiwa ni vyema kuibadilisha kabisa. Dhidi ya wembe, bitana ya turubai kwenye sehemu ya chini inatosha. Wavu wa waya unaouzwa kwa ajili ya kulifunika begi zima ni mzito, na kwa maoni yangu huwatangazia watu kwamba ndani kuna cha kuibwa.

Sasa chukua safari ya basi kutoka Mwanza kwenda Kampala kupitia Bukoba na Mutukula. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, abiria walishuka na kuvuka kwa kivuko, na huo ulikuwa mwanya mmoja wa kuachana na mzigo ambao sasa umeondoka. Uliobaki ni mpaka wenyewe. Pale Mutukula mnashuka nyote na pasipoti mkononi, mnapanga foleni kwa maofisa wa nchi zote mbili, na basi linakwenda kuwasubiri mbele likiwa na mizigo. Begi kubwa litabaki kwenye buti upende usipende. Mkoba mdogo wenye fedha, simu, dawa na hati usiuache kwenye kiti hata kama jirani yako ni mtu mwema. Njiani, chagua kiti cha upande ambao mlango wa buti unafungukia, ili kila basi linaposimama kushusha abiria uone dirishani kinachotolewa. Wanaochukua meli ya usiku kwenda Bukoba wapitishe mkanda wa begi kwenye mguu kabla ya kulala. Anayeelekea Rwanda kwa njia ya Rusumo asifunge nguo zake kwenye mifuko ya plastiki kuzikinga na mvua, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008. Mifuko ya kitambaa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu fedha, bibi zetu walizifunga kwenye pindo la kanga, mahali ambapo mtu hawezi kugusa bila mwenyewe kuhisi, na sijaona kifaa cha dukani kinachoishinda kanuni hiyo. Mfuko wa siri hushonwa ndani ya kiuno cha suruali au sketi, na humo hukaa pasipoti na noti kubwa; fedha za matumizi ya siku hukaa mfukoni, ili usilazimike kufunua akiba yako mbele ya watu wa stendi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitunze kama pasipoti, kwa kuwa kuanzia mwaka 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote.

Simu inahitaji maandalizi ya nyumbani. Piga *#06# uandike namba ya utambulisho inayotokea, na uweke namba ya siri kwenye laini yenyewe, kwa sababu mwizi anaweza kuichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Akikosea namba hiyo mara tatu, laini hujifunga. Andika pia kwenye karatasi namba ndefu ya huduma kwa wateja inayoanza na +255, maana ile fupi uliyoizoea haikusaidii unapoazima simu ya mwenyeji Kampala.

Wanaopanda ndege wakumbuke kwamba betri ya akiba haiwekwi kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta bali hubebwa mkononi, na kwamba mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7. Kufuli za TSA, ambazo maofisa wa Marekani huzifungua kwa ufunguo wao, siziamini sana. Michoro ya kuchonga funguo hizo ilisambaa kwenye intaneti mwaka 2015.

Kitu kikiibwa pamoja na hatua zote hizi, nenda polisi wa nchi hiyohiyo siku hiyohiyo, uombe taarifa ya maandishi yenye namba ya kumbukumbu, kabla hujafikiria kurudi mpakani. Ubalozi wetu utaihitaji ili kukupa hati ya dharura ya safari, na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, uliyomwachia ndugu yako nyumbani, itafupisha maswali.