Mkaguzi wa ubora na shinikizo la wakubwa: dhana potofu na ukweli

Ikisikika kwamba mkaguzi kapitisha mzigo mbovu, wengi hufikiria rushwa. Mara nyingi hakuna aliyehongwa. Kulikuwa na lori linalosubiri mlangoni, mteja anayepiga simu kila baada ya muda, na meneja aliyesimama nyuma ya kiti. Mkaguzi mwenye nia njema huangushwa na imani alizozizoea, ambazo hajawahi kuzihoji.

Dhana: Shinikizo huja kama amri ya kudanganya.

Amri ya wazi ni nadra, na hiyo ni rahisi kuikataa. Kinachokuja ni ombi la kistaarabu: "Hebu pima tena." Chukua shafti ya chuma inayotakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 25, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 0.05 tu. Maikromita, kifaa cha kupima vipenyo kwa usahihi, inasoma 25.07. Unaambiwa labda kuna vumbi, futa upime tena: 25.06. Sogeza kidogo, pima upande wa pili: 25.05. "Basi, andika hiyo." Hapo hakuna aliyetamka neno la uongo, lakini kati ya namba tatu zilizosomwa, fomu imebaki na moja, na ni ile iliyokuwa ikitafutwa.

Kupima tena si kosa. Kosa ni kupima mpaka jibu lipendeze. Mwaka 1993, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya dawa ya Barr Laboratories, mahakama iliukataa mtindo huo: matokeo yaliyotoka nje ya kiwango lazima yachunguzwe, hayafutwi kwa kurudia vipimo. Kwa hiyo ukiamini kipimo cha kwanza kilikosewa, litaje kosa lenyewe, lithibitishe, na namba zote zibaki kwenye kumbukumbu pamoja na sababu.

Dhana: Kama huwezi kuthibitisha kuwa ni hatari, huna haki ya kuzuia.

Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu unasikika kama hoja ya kisayansi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia, walipinga kurushwa kwa chombo cha anga cha Marekani cha Challenger. Baridi ilikuwa kali, nao walihofu kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa na kushindwa kuziba. Wakadaiwa ushahidi kwamba kurusha si salama, ilhali desturi ilikuwa kudai ushahidi kwamba ni salama. Meneja mmoja akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Asubuhi iliyofuata chombo kilirushwa, na watu 7 waliokuwemo wakafa.

Wahandisi wale hawakuwa na takwimu kamili za baridi ya kiwango kile, na kukosekana kwake kulitosha kuwa sababu ya kusubiri. Anayetaka kuachia mzigo ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kuwa unafaa. Ukishakubali kugeuziwa kazi hiyo, umeshashindwa kabla mjadala haujaanza.

Dhana: Kuzidi kidogo hakuna neno, kiwango kina akiba ndani yake.

Huenda akiba ipo, lakini si yako kuitumia kimyakimya. Mwaka 2017 kampuni ya Kobe Steel ya Japani ilikiri kughushi takwimu za bidhaa ambazo hazikufikia viwango vilivyokubaliwa na wateja, na uchunguzi ukaonyesha kwamba baadhi ya vitendo hivyo vilianza miaka ya 1970. Kidogo cha leo hurithishwa kwa zamu ijayo kama utaratibu wa kazi.

Dhana: Bosi ndiye aliyeamua, lawama ni zake.

Sheria haioni hivyo. Katika kesi ya Peanut Corporation of America, iliyouza karanga zenye bakteria wa salmonela, mkuu wa kampuni alihukumiwa miaka 28 jela mwaka 2015. Meneja wa ubora naye alipata miaka 5, kwa kuzuia haki isitendeke. Katika kashfa ya moshi wa magari ya Volkswagen, mhandisi aliyeshiriki kutengeneza programu ya kudanganya vipimo alifungwa miezi 40.

Dhana: Njia ni mbili tu, kupitisha au kukataa.

Ipo ya tatu, na inasikitisha kwamba wakaguzi wengi wachanga hawafundishwi. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, kinaruhusu bidhaa isiyokidhi matakwa kukubaliwa kwa ridhaa maalumu, mradi kasoro iandikwe na aliyeidhinisha ajulikane. Kwa shafti ile, andika 25.07, mwonyeshe mteja, yeye aseme kama itamfaa. Ukipewa agizo la mdomo, lirudishe kwa maandishi siku hiyohiyo: namba ya mzigo, kipimo ulichokipata, jina la aliyeagiza uachiwe, na ombi kwamba atie sahihi yake mwenyewe.

Ridhaa hiyo haivuki mipaka ya sheria wala haigusi usalama wa mtumiaji. Salmonela haiombewi ridhaa. Hapo unazuia, unapanda ngazi iliyo juu ya meneja wako, na ngazi zote za ndani zikifunga, unapeleka taarifa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bidhaa hiyo ukiwa na nakala za vipimo vyako.