Kuzimua si dawa ya wasiwasi

"Nikipata pombe kidogo asubuhi mikono inatulia. Bila hiyo wasiwasi unaniua." Wagonjwa hawachoki kuisema kauli hii, nasi kuisikia tumechoka. Tuhesabu saa, basi. Umekunywa mara ya mwisho saa nne usiku. Saa kumi alfajiri umekurupuka, shuka limelowa jasho, moyo unadunda, kikombe cha chai kinacheza mkononi. Saa 6 zimepita, na arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe ukiikosa, huanza kati ya saa 6 na 24.

Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kuibana glutameti, kemikali inayouchangamsha. Ukinywa kila siku, ubongo hujirekebisha: unakuwa sugu kwa GABA na kuongeza vipokezi vya glutameti. Pombe ikiisha mwilini, hakuna cha kuizuia glutameti. Unapozimua unasogeza tatizo hadi jioni, na kesho litataka kipimo kikubwa zaidi.

Wapo, ndiyo, wenye ugonjwa wa wasiwasi hasa. Ila ni vigumu kuwatambua wakiwa bado wanakunywa. Uliza kipi kilianza, hofu au chupa, kisha subiri kama wiki 4 bila pombe. Kwa wengi hofu hupungua yenyewe. Kumwandikia mnywaji dawa za wasiwasi kabla ya hapo ni kupiga ramli.

"Basi najifungia ndani, naacha leo." Wewe unayekunywa sana kila siku, usiache ghafla bila kumwona daktari. Degedege huja kati ya saa 6 na 48, na ujasiri hauizuii. Siku ya pili hadi ya nne huja kuweweseka: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani. Ndugu hukimbilia maombi wakidhani ni mapepo, kumbe hali hiyo huua. Aliyewahi kupata lolote kati ya hayo aachie pombe wodini.

Je, ujitibu arosto kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kununua dukani? Hospitali huitoa na kuipunguza siku hadi siku huku mgonjwa akiangaliwa. Ukiichanganya na pombe, vyote viwili vinadumaza upumuaji.

Na "dripu ya glukosi inatosha" pia si kweli. Thiamini (vitamini B1) itangulie au iende pamoja nayo, tena kwa sindano, maana utumbo wa mnywaji huifyonza vibaya. Glukosi peke yake humaliza akiba ndogo ya thiamini iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanza kuyumba, macho yakichezacheza, na kumbukumbu ikapotea moja kwa moja.